Igeuze Kwanza: Namna ya Kuitambua Fulana Bora ya Kola Kabla ya Kuilipia

Mtu anayenunua kofia ya mkono hapa Unguja haridhiki na kuitazama kwa nje tu. Huigeuza, akapitisha ukucha juu ya kazi ya sindano, akatazama kama vitobo vimezungushiwa uzi kwa usawa na kama upande wa ndani hauna mafundo wala nyuzi zinazoning'inia, ndipo anapokubali kuzungumza bei. Mtu huyo huyo akivuka barabara kwenda kutafuta fulana ya kola, ile ambayo madukani huitwa pia fomu siksi, huchagua rangi, huiweka kifuani kujipimia, huuliza kama namba yake ipo, akalipa na kuondoka. Umakini wote aliouonyesha kwenye kofia huubakisha kule kule kwenye kofia, ingawa fulana ataivaa mara nyingi zaidi, ataifua mara nyingi zaidi na ataitolea jasho jingi zaidi.

Nakusudia katika maelezo haya kuuhamisha umakini ule kutoka kwenye kofia kwenda kwenye fulana. Kwa wengi wetu fulana ya kola imekuwa nguo ya kazi. Wanaivaa wahudumu wa hoteli, watembeza wageni katika Mji Mkongwe, madereva, walimu wa michezo wa skuli na hata kamati za harusi. Inampa mtu heshima ya ofisini bila ya joto la shati la mikono mirefu, na kwa kuwa inavaliwa mbele za watu kila siku, ikiharibika mapema hasara yake huonekana na kila mtu.

Hasara hiyo naijua. Miaka michache iliyopita nilipewa dhamana ya kununua fulana 36 za wenzangu kazini. Nilizihesabu, nikahakikisha kwamba nembo ya kifuani imeandikwa sawasawa, nikatia saini. Baada ya kufuliwa mara ya tatu, mshono wa ubavuni ulikuwa umesogea hadi karibu na kitovu, kola ilikuwa imejaa mawimbi kama jani la muhogo lililopigwa na jua, na fulana za namba kubwa zilikuwa zimefifia tofauti na zile za namba ndogo. Muuzaji hakuwa amenidanganya neno lolote, kwa sababu sikumwuliza neno lolote. Mambo yote matatu yangeweza kugunduliwa dukani, kwa mikono mitupu na kwa muda usiozidi dakika tano, kama ningelijua pa kutazama.

Kitambaa

Kanga na kanzu hutokana na nyuzi zinazopishana, za mtande na za mshindio, na ndiyo maana ukizivuta hazirefuki. Kitambaa cha fulana hakikufumwa hivyo. Kimefanywa kwa vitanzi vya uzi vilivyoshikana kimoja ndani ya kingine, kama sweta, na kwa sababu hiyo huvutika na kurudi. Faraja yote ya fulana hutoka katika vitanzi hivyo, na kasoro zake nyingi pia.

Fulana ya kola ya asili hutumia ufumaji uitwao pike, ambao huacha juu ya kitambaa vishimo vidogo vidogo vilivyopangwa kama sega la nyuki. Mchezaji tenisi wa Ufaransa, René Lacoste, alivaa fulana ya namna hii mwaka 1926 alipokuwa akishindana Marekani, katika zama ambazo mashati meupe ya mikono mirefu ndiyo yaliyokuwa vazi la kawaida la tenisi. Mwaka 1933 alishirikiana na André Gillier, mwenye kiwanda cha nguo za kufuma, kuzitengeneza kwa ajili ya kuuzwa. Kila sehemu ya fulana ile ilikuwa na kazi: mkono mfupi ulimpa mchezaji uhuru wa kurusha mkono, kola laini iliweza kusimamishwa ili kuikinga shingo na jua, na mgongo ulikatwa mrefu kuliko mbele ili fulana isichomoke kwenye suruali anapoinama. Vile vishimo vilipitisha hewa. Joto lililomsumbua mchezaji kwa saa chache uwanjani ndilo tunaloishi nalo sisi miezi yote ya kaskazi, wakati hewa yenyewe imejaa unyevu na jasho halina pa kukaukia. Kwa hiyo vishimo vile si pambo, na muuzaji akikwambia kwamba kitambaa chochote ni sawa na kingine, usikubaliane naye.

Ishike fulana, uinyanyue kuelekea mlangoni ambako mwanga wa jua unaingia, kisha uutie mkono wako ndani yake. Kitambaa kizuri huonyesha kivuli cha mkono bila ya kuonyesha vidole kimoja kimoja, na vishimo vyake huwa na ukubwa mmoja kutoka bega hadi pindo. Ukiona mabaka, yaani mahali pengine nyuzi zimesongamana na pengine zimeachana kama mawingu mepesi, basi uzi uliotumika una unene usiolingana, na ni kwenye zile sehemu nyembamba ambapo tundu la kwanza litatokea. Uzi wenyewe utazame kwa karibu. Uzi uliochanwa vizuri kiwandani ili kuondoa nyuzinyuzi fupi huwa laini na msafi. Ule ambao haukuchanwa hutoa manyoya madogo juu ya kitambaa, na manyoya hayo ndiyo yatakayojiviringa baada ya wiki chache kuwa vitonge vidogo chini ya kwapa na mahali mkoba unaposugua. Chukua pande mbili za kitambaa, uzisugue kwa nguvu mara ishirini kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiwa manyoya yamesimama dukani, nyumbani yatazidi.

Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba, na wafanyabiashara wa jumla hawashindwi kukutajia namba hiyo ukiwauliza. Fulana nyingi nzuri za kola huwa kati ya gramu 180 na 220. Kwa hali ya hewa yetu naona gramu 180 hadi 200 ndizo zinazofaa zaidi, kwa sababu fulana yenye gramu 240 hudumu sana lakini wakati wa masika inaweza kukaa kambani siku mbili bila ya kukauka, ikaishia kunuka uvundo. Chini ya gramu 160 fulana hujishika na mwili mara tu jasho linapoanza. Kama hakuna wa kukutajia namba, kumbuka kwamba fulana ya kola ya mwanamume, ya namba ya L na kitambaa cha gramu 200, hukaribia robo kilo. Masokoni mizani haikosekani, na sioni aibu kuomba nipimiwe.

Jihadhari hata hivyo na uzito wa kanji. Fulana nyingine hutiwa kanji au dawa nyingine ya kukazia ili ionekane imejaa mkononi, na baada ya kufuliwa mara moja hugeuka kitambaa kilegevu. Kunja pembe ya pindo, uisugue juu ya kitu cheusi, kwa mfano mfuko wa simu, uone kama unga mweupe utadondoka. Kisha tia tone la maji upande wa ndani. Pamba iliyo wazi hulinywa tone hilo kwa muda mfupi. Tone likibaki limesimama kama tone la mvua juu ya jani la mgomba, ama kitambaa kimefunikwa na dawa, ama si pamba kama lebo inavyodai.

Pamba, poliesta na mchanganyiko wake

Pamba huchukua unyevu kutoka hewani hadi kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta haifikii hata asilimia 1. Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini fulana ya poliesta tupu huonekana nyepesi dukani lakini mchana wa Februari jasho humtiririka mvaaji mgongoni. Poliesta nayo ina fadhila zake: haipungui inapofuliwa, haikunjamani, hukauka upesi na huishika rangi. Mchanganyiko wenye pamba asilimia 60 au zaidi naukubali kwa sare za kazi zinazofuliwa kila siku. Ule wa poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35 hupatikana sana katika sare za bei nafuu, na anayefanya kazi jikoni au kwenye jua atausikia mgongoni. Lebo ikitaja kiasi kidogo cha nyuzi za mpira, kama asilimia 3 hadi 5, si jambo baya, kwani husaidia kitambaa kurudi mahali pake kikivutwa. Lakini nyuzi hizo haziwezi kustahimili pasi kali.

Lebo zinaweza kusema lolote. Njia ya zamani ya kuhakiki ni moto, nayo hufanywa nyumbani, wala si dukani kwa mtu. Nunua fulana moja, toa uzi mmoja kutoka kwenye kitambaa chenyewe, kwenye ukingo uliobaki ndani ya mshono, kisha uuchome juu ya sahani. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini ya kijivu yanayopeperuka. Uzi wa poliesta hujikunja na kuyeyuka, na ukipoa huacha kipunje kigumu cheusi kisichosagika kwa vidole. Mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili. Jambo la kuzingatia ni kwamba usichome uzi wa kushonea, kwa sababu hata fulana ya pamba tupu kwa kawaida hushonwa kwa uzi wa poliesta, na wengi wamewalaumu wauzaji wao bure kwa kuchoma uzi usiostahili.

Kola

Ningelazimika kuchagua sehemu moja tu ya kukagua, ningechagua kola. Kitambaa dhaifu kinaweza kuvumiliwa nyumbani, lakini kola iliyolegea humfanya mtu aonekane amelala na nguo yake, hata kama amepiga pasi asubuhi ile ile.

Kola ya fulana nyingi hufumwa peke yake kwenye mashine nyingine, ikiwa ni kipande chenye mistari myembamba iliyosimama, kisha huunganishwa na shingo. Kutokana na hilo ina maradhi yake mbali na ya kitambaa. Ikunje katikati, ncha ya kulia juu ya ncha ya kushoto, utazame kama zinalingana. Tofauti ya nusu sentimita haionekani fulana ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, lakini itaonekana kila siku shingoni. Halafu shika ncha zote mbili, uivute kola kwa upole kiasi cha kuongeza urefu wake kwa robo, uiachie. Kola nzuri hurudi mara moja na ukingo wake ukabaki umenyooka. Ukingo ukibaki na mawimbi, rudisha fulana kwenye rafu, maana kazi uliyoifanya kwa mikono miwili ni ndogo kuliko itakayofanywa na burashi ya kufulia pale uchafu wa shingo unaposuguliwa.

Nyuma ya shingo, ndani, pana mshono unaounganisha kola na mwili. Fulana iliyotengenezwa kwa uangalifu huwa na utepe wa kitambaa unaoufunika mshono huo kutoka bega moja hadi jingine. Utepe una kazi mbili, yaani kuzuia mshono mkavu usiikwaruze ngozi yenye jasho, na kuizuia shingo isipanuke inapotundikwa kwenye henga. Nikiukosa utepe huo huwa sihitaji kuendelea kukagua. Mafundi wengine hupitisha utepe mwingine mwembamba ndani ya mshono wa bega. Huo nao ni dalili njema, kwa sababu bega ndilo linaloubeba uzito wote wa fulana ikiwa imelowa.

Kwa kuwa kola imefumwa mbali, mara nyingi hutiwa rangi mbali pia. Chini ya taa za dukani kola ya buluu na mwili wa buluu vitaonekana kitu kimoja. Vitoe nje. Mwishoni mwa Ramadhani, maduka ya Darajani na Mchangani yanapokesha na watu wakanunua nguo za sikukuu usiku wa manane, ndipo makosa haya yanapotokea kwa wingi, na kwa nguo inayohitaji kulingana rangi ningemshauri mtu arudi mchana.

Kipande cha vifungo na mishono

Fulana ya kola hufunguliwa kifuani kwa kipande chenye vifungo viwili au vitatu. Tazama chini kabisa ya kipande hicho, pale ufa unapoishia. Hapo ndipo pazito zaidi, kwa sababu kila fulana inapovuliwa kwa kupitishwa kichwani nguvu zote huishia pale. Fundi mzuri hupaimarisha kwa mshono wa mraba, mara nyingi ukiwa na alama ya kukatisha ndani yake, na upande wa ndani huwa hakuna uzi uliokatwa ukaachwa wazi. Kipande chenyewe kinatakiwa kisimame wima. Kikiwa kimepinda kushoto au kulia fulana ikiwa imelazwa juu ya meza, hakuna pasi itakayokinyoosha.

Vifungo hupewa umuhimu mdogo kuliko unaostahili. Tazama uzi wake upande wa nyuma. Vifungo vingi vya bei ya chini hushonwa kwa uzi mmoja unaokwenda kwa mtindo wa mnyororo, na ukiiona ncha iliyobaki ukaivuta, kifungo chote hufumuka. Kifungo chenye matundu manne kilichoshonwa kwa kukatisha, chenye uzi uliozungushwa shinani mwake, hudumu. Tundu la kifungo liwe limejazwa uzi sawasawa pande zote, bila ya manyoya katikati. Vifungo vya kombe la chaza ni vya fulana za hali ya juu: ukikigusisha shavuni huwa baridi kuliko plastiki, na ukikigeuza huonyesha rangi zinazocheza, tena hakuna viwili vinavyofanana kabisa. Vinapendeza, lakini plastiki nene iliyoshonwa vizuri inatosha, na sioni sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya kombe huku mishono ya ubavuni ikiwa legevu.

Sasa geuza fulana nzima. Upande wa nje umepangwa ili utazamwe, na upande wa ndani ndio unaoonyesha fundi alifanya nini alipodhani hatazamwi. Mishono ya ubavuni na ya kwapa inatakiwa iwe imefungwa ukingo kwa ovaloki, kwa nyuzi zilizokazwa sawasawa. Shika kitambaa pande mbili za mshono, uvute: ukiona mwanga katikati kama ngazi ndogo za uzi, mshono ni mlegevu. Hesabu hatua za sindano katika inchi moja. 10 hadi 12 ni kazi nzuri, na zikipungua 8 mashine iliharakishwa. Pindo la chini liwe na mistari miwili ya uzi inayokwenda sambamba. Mipasuo ya pembeni, ikiwepo, iwe na utepe au mshono wa kuizuia kwenye kilele chake, la sivyo itapanda taratibu kuelekea kiunoni.

Fulana zangu 36 ziliharibika kwa jambo ambalo hata leo wanunuzi wachache hulitazama, nalo ni kupinda kwa kitambaa. Vitanzi vya kitambaa hujipanga katika mistari ya wima inayoonekana ukikisogeza karibu na macho. Mistari hiyo inatakiwa iende sambamba na mshono wa ubavuni kutoka kwapani hadi pindoni. Kitambaa kikikatwa upande, au uzi wake ukiwa umesokotwa kupita kiasi, mistari hukimbia mbali na mshono, na kiwandani pasi ya mvuke hulificha jambo hilo. Maji hulifichua. Vitanzi vikishalowa hutafuta kurudi mahali pao pa asili, na mshono huvutwa kuelekea tumboni. Fuata mstari mmoja wa vitanzi kwa kidole kuanzia juu; ukikuta umefika pindoni ukiwa mbali na mshono kwa vidole vitatu zaidi ya ulivyokuwa kwapani, acha.

Kuhusu nembo iliyodariziwa kifuani, maneno yangu ni machache, kwa sababu nembo huigwa kwa urahisi kuliko utepe wa shingo. Itazame kwa nyuma. Iwe na kitambaa cha kuikinga ngozi, nyuzi zilizokatwa fupi, na kifua kisiwe kimejikunja kuizunguka.

Rangi, maji yetu na jua letu

Fulana iliyojaribiwa kwenye mashine ya kufulia katika nchi ya baridi inaweza isistahimili ndoo na kamba ya hapa. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vingi, hasa vya upande wa mashariki, hutoa maji yenye chokaa au chumvi. Sabuni haitoi povu kwa urahisi ndani ya maji hayo, mfuaji huongeza sabuni na kusugua zaidi, na nguo huchakaa kwa msuguo huo kabla ya kuchakaa kwa kuvaliwa. Halafu huanikwa kwenye jua la saa sita.

Kwa hiyo rangi ipimwe kwa kulowesha. Nachukua kitambaa cheupe cha mkononi, nakilowesha kidogo, nakisugua ndani ya pindo mara kumi. Doa jepesi kwenye nyeusi, nyekundu au buluu iliyokoza linaweza kusamehewa. Doa linaloonekana kwa mbali lina maana kwamba fulana itachuja hadi mwisho wa maisha yake na itaharibu nguo nyingine ndani ya beseni. Fulana yenye mwili mwekundu na kola nyeupe isiyopita kipimo hiki ningeikataa hata kwa nusu bei. Harufu nayo isidharauliwe. Harufu kali inayochoma pua, ambayo haiishi hata ukiikung'uta nguo nje, hutokana na dawa za kiwandani, na mwenye ngozi nyepesi ataijutia.

Kwa mitumba kanuni hubadilika kidogo, na kusema kweli mara nyingi fulana bora kabisa za kola nimezipata kwenye robota na si dukani. Fulana ya mtumba imeshafuliwa: kama ilikuwa ya kupinda, imeshapinda, na kama ilikuwa ya kupungua, imeshapungua. Mambo ya kutazama ni kukatika kwa uzi kwenye mkunjo wa kola, ugumu wa kitambaa chini ya kwapa unaotokana na dawa za harufu, na rangi ya mabegani ikilinganishwa na ile iliyo chini ya kola, ambayo jua halikuifikia. Tofauti ikiwa kubwa, maisha ya nguo hiyo yameshaliwa.

Ukinunua nyingi kwa pamoja

Anayenunulia timu, ofisi au harusi ana nguvu ambayo mnunuzi wa fulana moja hana, nayo ni kudai sampuli. Usikubali sampuli itiwe nembo, kwa kuwa nguo ikishadariziwa hairudishwi. Ipime urefu kutoka bega hadi pindo na upana chini ya kwapa, uandike vipimo, kisha uifue mara tatu kama itakavyofuliwa na wenyewe, kwa maji yale yale na jua lile lile, uipime tena. Fulana ya sentimita 70 iliyopungua kwa asilimia 5 hubaki na sentimita 66 na nusu, na mwenye kuinua mikono ndani yake ataonyesha kiuno. Upungufu wa sentimita 2 naukubali. Hakikisha pia kwamba namba zote zimetoka katika fungu moja la rangi, mzigo ukifika fungua maboksi ya chini na si ya juu tu, na ulaze fulana tatu za namba moja, moja juu ya nyingine, uone kama pindo zinakutana.

Mara ya mwisho nilikwenda kwa muuzaji mmoja wa makamo pale Mlandege. Nikamsalimia, nikamwambia, "Shekhe, naomba uigeuze tuione ndani." Aliigeuza mwenyewe, akanionyesha utepe wa shingo kabla sijauuliza, akaivuta kola, akaiachia. Nikachukua sampuli moja. Baada ya siku tano nilirudi nayo ikiwa imefuliwa mara tatu, tukailaza juu ya meza yake na kuipima kwa futi ya fundi cherehani: ilitoka na sentimita 71, sasa ina 69 na nusu, na mshono wa ubavuni ulikuwa pale pale ubavuni. Tukaandikiana fulana 40, za fungu moja la rangi.